Mobutu, mutoto wa mupishi wa Lisala, na ugonjwa wa prostati

Wandugu wa mine, ba mama wa mu kampi, na ninyi vijana wenye munasoma ukurasa huu mukingojea baba arudi ku kazi: leo tunaandika juu ya Mobutu. Tunajua wamoja watakasirika. Mu nyumba zingine, ku Likasi na ku Kolwezi, jina lake halitajwe mbele ya wazee. Mu nyumba zingine picha yake na kofia ya chui ingali ku ukuta. Sisi hatukuje kumusifu, hatukuje pia kumutukana. Tunamuchagua juu ya jambo moja: njo mugonjwa wa prostati mwenye inchi yote ilimuona akipunguka mbele ya macho, ku televizio, na mpaka leo watu wengi hawajue nini ilimuua. Wamoja wanasema alirogwa. Wengine wanasema sumu. Wengine wanasema vita njo ilimukata moyo. Mobutu aliuawa na kanseri ya prostati, ugonjwa ule ule wenye unatembea kati yetu na wenye hatupende kuongea, hata mu mukutano wa sendika, hata na bibi mu chumba.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa ku Lisala, pembeni ya muto Kongo, tarehe 14 mwezi wa 10, 1930. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mupishi wa juji mumoja Mubelgiji. Mama yake ni Marie-Madeleine Yemo. Baba alikufa wakati mutoto alikuwa na miaka 8, na kisha hapo maisha yake yalikuwa kuhama-hama, leo kwa ndugu huyu, kesho kwa ndugu yule, kama watoto wengi wenye tunajua. Alisoma kwa ba frère ku Coquilhatville, njo Mbandaka ya leo. Alikuwa murefu, Kifaransa chake kilikuwa kizuri, na kichwa chake kilikuwa kigumu. Kila ekipi ya mine iko na kijana mumoja wa namna hiyo: kazi anaiweza, lakini mukubwa wa ekipi halale juu yake. Mu 1949 alipanda mashua bila ruhusa, akaenda kutembea Léopoldville. Aliporudi, wakamufukuza, na mu 1950 wakamutupa mu Force Publique, miaka 7 ya jeshi. Hiyo njo ilikuwa azabu ya watoto wa masomo wenye kichwa ngumu.

Azabu ikageuka bahati. Ku Luluabourg alifundishwa kazi ya kuandika na kuhesabu, akapanda cheo, na usiku alikuwa anasoma magazeti yote yenye yalipita mu mikono yake. Akaanza kuandikia magazeti akiwa angali musoda, na jina la kujificha. Mu 1955 alimuoa Marie-Antoinette. Mu 1956 akatoka mu jeshi, akaingia mu gazeti L'Avenir ku Léopoldville. Pale njo alijuana na Lumumba. Mu 1958 alikwenda Bruxelles wakati wa onyesho kubwa la dunia.

Mambo ya kisha inajulikana, tutapita haraka. Mu 1960 Lumumba alimutia mukubwa wa jeshi. Tarehe 14 mwezi wa 9 mwaka huohuo, huyo mwenye kupewa kazi akaweka pembeni mwenye kumupa kazi, pamoja na Kasa-Vubu. Lumumba aliletwa huku kwetu Katanga na kuuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Tarehe 24 mwezi wa 11, 1965, Mobutu akakamata utawala wote, na akaukalia miaka 31 na zaidi.

Sisi watu wa mine tuko na hesabu yetu pamoja naye. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1967 serikali ilikamata mali ya Union Minière, na kutoka pale ikazaliwa kampani yenye baba zetu walijua kwa jina la Gécamines. Wazee wanakumbuka furaha: shaba imekuwa yetu. Lakini mwaka huohuo 1967, sendika zote za inchi zilifungwa mu kifungo kimoja, sendika moja tu, na kisha sendika hiyo ikawa mukono wa chama kimoja, MPR. Mufanyakazi akawa na mali, akapoteza kinywa. Tunaandika hivi bila kuzunguka, juu sisi wenye kuandika ni watu wa sendika, na hatusahau kwamba kwa miaka 23 delege wa wafanyakazi alikuwa anaimba na kucheza mbele ya wakubwa pa nafasi ya kuuliza juu ya mushahara.

Mu 1971 inchi ikawa Zaire, Katanga ikawa Shaba, na mwaka wenye kufuata kila mutu akaacha jina la batizo. Yeye mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Mu 1973 maduka na mashamba ya wageni wakapewa watu wa karibu na mukubwa, na mengi yakafa. Bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970. Vita vya Shaba vikaja mu 1977 na 1978, na watu wa Kolwezi hawahitaji sisi tuwaambie kile kilipita mu mwezi wa 5, 1978. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400000 za shaba kwa mwaka. Mu 1994 hazikufika 50000. Mu mwezi wa 9, 1990, sehemu ya mine ya chini ya udongo ya Kamoto iliporomoka. Miezi michache mbele ya pale, tarehe 24 mwezi wa 4, Mobutu alikuwa ameruhusu vyama vingi na sendika nyingi. Kinywa kilirudi wakati mali inaondoka.

Na sasa tufike ku mwili wake.

Mu 1996 Mobutu alikuwa na miaka 65. Mu Kinshasa kulikuwa hopitali kubwa kuliko zote za inchi, na alikuwa ameiita jina la mama yake mwenyewe, Mama Yemo. Lakini mu mwezi wa 8, 1996, wakati alipasuliwa juu ya prostati, ilikuwa ku Lausanne, Uswisi. Hatumulaumu kwa kutafuta uzima. Kila mutu anaukimbilia kule anaona uko. Tunasema tu kwamba hopitali yenye jina la mama haikuweza kumutibu mutoto, na huyo mutoto njo alikuwa mwenye inchi.

Prostati ni nini? Tuseme wazi, maana ku mukutano mumoja tuliuliza wanaume 30 na zaidi, na wengi walidhani ni jina la ugonjwa. Si ugonjwa. Ni kiungo kidogo, ukubwa wa ndimu ndogo, chenye kila mwanaume anazaliwa nacho. Kinakaa chini ya kibofu cha mikojo, na njia ya mikojo inapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji ya uzazi. Mwanaume akizeeka, prostati inavimba, na mara nyingi huo ni uvimbe tu, si kanseri: mikojo inakuja kidogo-kidogo, unaamuka usiku mara 4, mara 5. Kanseri yenyewe inaweza kukaa miaka bila kusema kitu. Na wakati inaamua kusema, mara nyingi imekwisha kutoka mu prostati na kwenda mu mifupa. Mifupa gani? Ya kiuno, ya mbavu, ya mugongo.

Ya mugongo, wandugu. Hapa njo tunaomba musome pole-pole. Nani kati yetu hana mugongo? Mwenye alishika perforatrisi miaka 20 iko na mugongo. Mwenye anaendesha kamio ya tani 100 mu kariere iko na mugongo. Kila mutu anasema: ni kazi. Anakunywa dawa ya maumivu ya mu duka, bibi anamupakaza mafuta ya moto, mambo yanaendelea. Na mara nyingi ni kazi kweli. Lakini mwanaume wa miaka 55 mwenye mugongo unamuuma usiku akiwa amelala, na si wakati ananyanyua kitu, huyo inaomba munganga amuangalie kwa macho ingine.

Turudi ku Mobutu. Kisha kupasuliwa alikaa Lausanne mu hoteli ya kando ya ziwa, kisha akaenda mu nyumba yake ya Roquebrune-Cap-Martin, kusini ya Ufaransa. Wakati alikuwa kule, mu mwezi wa 10, vita vikawaka mu Kivu. Muji mumoja ukaanguka, mwingine ukafuata, na mwenye inchi alikuwa kitandani kilometa elfu kadhaa mbali. Tarehe 17 mwezi wa 12 alirudi Kinshasa. Watu walijaa mu barabara. Sisi tulikuwa watoto wa masomo, tulimuona ku televizio ya jirani: uso umeingia ndani, nguo zimekuwa kubwa. Mu mwezi wa kwanza 1997 alirudi Ufaransa juu ya matunzo. Kisangani ilianguka tarehe 15 mwezi wa 3. Siku chache kisha alikuwa tena Kinshasa. Mu mwezi wa 4 ilikuwa zamu ya Lubumbashi.

Tarehe 4 mwezi wa 5, Mandela alimukutanisha na Laurent-Désiré Kabila ndani ya mashua ya jeshi la Afrika ya Kusini, Outeniqua, ku bandari ya Pointe-Noire. Mobutu hakukuwa tena na nguvu ya kupanda ngazi ya mashua. Ilibidi watafute njia ingine ya kumuingiza, motokari yake ikapandishwa mpaka ndani. Mutu mwenye kwa miaka 30 alikuwa anatembea na fimbo ya utawala, ngazi ilimushinda. Hatuandike hili kwa kumucheka. Tuliona wenzetu, wanaume wa kubeba chuma, wakishindwa kupanda ngazi ya basi ya kampani.

Tarehe 16 mwezi wa 5 aliondoka Kinshasa kwenda kwake Gbadolite, kisha Lomé, kisha Rabat, mu Moroko. Kesho yake Kinshasa ikaanguka. Alikufa ku Rabat tarehe 7 mwezi wa 9, 1997, na miaka 66. Kati ya kisu cha Lausanne na kaburi, ilipita miezi 13.

Miezi 13 ni kidogo sana kwa ugonjwa huu. Ku Baltimore, Marekani, wanganga wa Johns Hopkins walifuata wanaume 1997 wenye walitolewa prostati kati ya 1982 na 1997, na mu 1999 wakaandika hesabu yao. Kwa wale wenye damu yao ilionyesha ugonjwa umerudi kisha opereshoni, na wenye hawakupewa dawa haraka, ilipita miaka 8 hivi, kwa mutu wa katikati, mbele ugonjwa uonekane mu mifupa, na kutoka pale miaka 5 ingine mbele ya kifo. Miaka, si miezi. Kwa hiyo mutu mwenye kufa kwa miezi 13 ni mutu mwenye ugonjwa wake ulikuwa umekwisha kusafiri wakati kisu kilifika. Munganga anaweza kutoa mulango. Hawezi kurudisha mwizi mwenye alikwisha kutoka.

Na hapa watu wanatuuliza: wanganga wanaweza kujua, kisha opereshoni, nani ugonjwa utamurudilia na nani hautamurudilia? Jibu ni kwamba wanaweza kujua sehemu kubwa, na jibu liko mu ile nyama yenye walitoa.

Watu wa sondaji watafahamu haraka. Mashine inatoa karoti, jiwe refu la muviringo. Kwa macho ni jiwe tu. Kampani hailipe sondaji juu ya jiwe. Inalipa juu ya karatasi ya laboratwari yenye kusema teneri: shaba ngapi, kobalti ngapi, na mushipa unaelekea upande gani. Karoti yenye haikufika ku laboratwari, unaweza kuitupa mu barabara ya lateriti. Prostati yenye kutolewa ni vilevile. Inatiwa mu chupa ya formoli, inakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, inapakwa rangi, na munganga wa kazi hiyo anaiangalia mu mikroskopi.

Anaangalia nini? Kwanza, ginsi chembe za kanseri zinajipanga. Mu 1966, Donald Gleason, munganga wa hopitali ya wasoda wa zamani ku Minneapolis, Marekani, alitoa hesabu yenye inatumika mpaka leo. Pale chembe zimejipanga kwa utaratibu, kama nyumba za kampi ya zamani, mustari kwa mustari, alitia 1. Pale zimevurugika kabisa, kama lupango zenye watu walijijengea bila plani, alitia 5. Kisha anachukua namba 2 zenye kuonekana zaidi na kuzijumlisha. Leo jumla inaanza ku 6 mpaka 10. Mwenye 6, ugonjwa wake mara nyingi unalala. Mwenye 8, 9 ao 10, ugonjwa wake uko na mbio. Na 7 si moja: 3 ikitangulia 4, ni afazali kuliko 4 kutangulia 3, juu namba ya kwanza ni ile yenye kuenea zaidi. Siku hizi wanaandika pia makundi, kutoka 1 mpaka 5. Ukipewa karatasi, tafuta namba hizo. Ziko zako.

Pili, anaangalia mipaka ya nyama. Kama kanseri imefika mpaka pale kisu kilipita, inaweza kuwa kipande kilibakia ndani. Anaangalia kama imetoboa ngozi ya prostati, kama imeingia mu vifuko vya mbegu pembeni yake, kama iko mu tezi za karibu.

Hayo yote yalikuwa yanajulikana wakati wa Mobutu. Kisha yake, wanganga wakaenda mbali zaidi, kama vile jiolojia iliacha nyundo na kuchukua mashine. Wako na alama ingine za mu nyama. Moja inaitwa Ki-67, iligunduliwa ku Kiel, Ujerumani, mu miaka ya 1980: inapaka rangi chembe zenye ziko katika kuzaana, na wanahesabu ni ngapi kwa mia. Zikiwa nyingi, ugonjwa unakimbia. Ingine ni PTEN. Hiyo ni freni. Kila chembe ya mwili iko na freni yenye kuizuia kuzaana ovyo, na PTEN ni moja kati ya hizo freni. Kama mu nyama ya prostati freni hiyo imepotea, hatari ya ugonjwa kurudi inaongezeka. Wenye elimu waliigundua mu 1997, mwaka uleule Mobutu alikufa nao. Na tangu miaka ya 2010, kuko kipimo chenye kuangalia jeni 22 mara moja mu nyama ileile yenye ilitolewa, na kinatoa namba ya hatari ya ugonjwa kufika mbali. Kipimo hicho kinaomba makuta mingi, huku kwetu hakiko, hatutawadanganya.

Faida ni nini kujua? Haipigi ramli. Hakuna karatasi yenye kusema siku ya kufa. Inasema nani anapashwa kupewa mionzi bila kukawia, nani anapashwa dawa ya kuzima homoni za kiume, na nani anaweza kurudi ku kazi na kupima tu damu kila miezi michache. Damu hiyo njo ile inaitwa PSA. Kama prostati imetolewa yote, PSA inapashwa kushuka karibu na sifuri. Ikipanda tena na kufika 0,2 mara mbili kwa kufuatana, ugonjwa umerudi, hata kama mutu anajisikia muzima na anacheza mpira na watoto.

Sasa tuwaambie jambo lenye lilitufanya tuandike. Mwenzetu mumoja, mwenye alishika perforatrisi zaidi ya miaka 20, alifungwa mikojo usiku mumoja. Alipelekwa ku hopitali moja, hatutaje gani. Walimupasua muzuri, hatuna lawama juu ya kisu. Lakini siku ya kutoka, bibi yake alipewa chupa, nyama ndani ya formoli, na akaambiwa aipeleke yeye mwenyewe ku laboratwari mu muji mwingine, na alipe. Hakuna mutu alimufasiria juu ya nini. Mushahara ulikuwa umekwisha mu opereshoni. Mama akaweka chupa juu ya kabati, nyuma ya masahani, watoto wasiiguse. Chupa ilikaa pale miezi 11. Baba alirudi ku kazi. Kisha mugongo ukaanza, na wote tukasema: ni perforatrisi. Wakati delege wetu alienda kumutembelea na kuiona ile chupa, tulichanga, tukaipeleka. Karatasi ilirudi na 9. Ilikuwa inasema 9 tangu siku ya kwanza, juu ya kabati, nyuma ya masahani.

Tulimuzika mu mwezi wa mvua. Bibi yake alituomba jina lisiandikwe, lakini chupa tuiandike.

Kwa hiyo sendika yetu iko na maombi matatu ku kampani moja kwa moja, na tumeyatia mu makaratasi ya mazungumzo ya mwaka huu. Mu kipimo cha kila mwaka wanatupima mapafu na masikio, na tunakubali, vumbi na kelele ni adui wa kweli. Tunaomba kwamba mwanaume mwenye kufika miaka 45 aongee na munganga juu ya prostati, na kama anakubali, damu ya PSA ipimwe bila kukatwa ku mushahara. Kwa nini 45? Shirika la Marekani la kupigana na kanseri linashauri umri huo kwa wanaume weusi na kwa mwenye baba ao ndugu alipata ugonjwa huu mapema. Kwa wengine linasema 50. Kule Marekani mwanaume mweusi anakufa na kanseri hii karibu mara 2 kuliko mweupe. Tunasema aongee na munganga, hatusemi alazimishwe: PSA inaweza kupanda juu ya uvimbe wa kawaida, na kuko kanseri za prostati zenye zinalala mpaka mutu anakufa na jambo lingine, na kuzipasua ni kumutesa bure. Tunaomba pia kwamba nyama yoyote yenye kutolewa ku mufanyakazi ao jamaa yake iende ku laboratwari mu mikono ya hopitali, si mu kikapu cha bibi, na garama iingie mu matunzo kama dawa. Na karatasi ikirudi, mugonjwa apewe kopi yake. Kwa mionzi, wenzetu wanavuka mpaka: Lusaka, mu Zambia, kuko hopitali ya kanseri tangu miaka ya 2000, na kutoka Lubumbashi ni safari ya barabara. Lakini bila karatasi ya nyama, ule wa Lusaka ataanza tena ku sifuri.

Ku kampani wametujibu kwamba ugonjwa huu si ugonjwa wa kazi. Ni kweli, hauko mu liste ya magonjwa ya kazi kama silikozi. Sisi hatukusema ni mine njo inauleta. Tulisema mine njo inauficha, juu kila maumivu ya mugongo iko na jina la kazi.

Tunajua pia ugumu ni upande wetu. Wanaume wanaogopa kidole cha munganga, wanacheka mu mukutano, kisha mukutano umekwisha wanakuja mumoja-mumoja nyuma ya biro, sauti ya chini. Wanauliza kama kisha opereshoni mutu anabakia mwanaume. Tunawajibu ukweli: kisu kinaweza kuumiza mishipa, wengine wanapata shida ku kitanda, wengine mikojo inawaponyoka kwa wakati fulani, na wengine wanapona bila hayo yote. Ba mama, hapa tunawategemea. Bwana mwenye anaamuka mara 5 usiku, ni ninyi munamusikia, si delege.

Mobutu angali Rabat, mu makaburi ya Wakristo. Watu wanaongea mara kwa mara juu ya kumurudisha, na hajarudi bado. Dosie yake ya ugonjwa ilibakia mikononi mwa wanganga wake. Mwenye perforatrisi wetu, karatasi yake iko ku biro ya sendika, mu kartabili ya bluu, na mazungumzo na kampani yanaanza tena mwezi wenye kuja.